Amerikani kwenye Mti wa Krismasi

Mama aliyeketi kushoto kwangu alikunjua jora la kitambaa mezani, akapima yadi moja na nusu kwa futi kamba, akakata, akanisogezea. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, rangi ya tui la nazi, chenye vidoa vya kahawia vya maganda ya pamba ambayo mashine haikuyaondoa yote. Nilikishika, nikakinusa. Harufu ya wanga ikanirudisha Tanga, kwenye baraza ya bibi yangu, na neno likanitoka kabla sijalifikiri: "Amerikani!"

Mama yule alidhani naitaja nchi yake. Akanishika mkono, akaniambia ndiyo, karibu sana Marekani. Nilikuwa nimeshaishi huko mwaka wa nne.

Bibi mzaa mama alikuwa akishona foronya za kuuza. Alinunua amerikani kwa jora, akailoweka usiku kucha, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa, ndipo akachora maua kwa penseli na kuyadarizi. Maharusi wengi wa mtaa wetu walilalia mito yake. Sikuwahi kumwuliza kwa nini kitambaa kile kinaitwa amerikani. Mtoto haulizi kwa nini sufuria inaitwa sufuria.

Mji ninaokaa uko pwani ya Massachusetts, kaskazini mwa Boston, si mbali na Salem. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, zamu za usiku. Mzee mmoja niliyemhudumia aliniona nikirekebisha pindo la pazia lake, akamwambia binti yake, na binti ndiye aliyenipeleka kwenye chama chao cha washona kwilti. Kwilti ni blanketi la tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa kwa mpango maalumu, katikati pamba, chini kitambaa kimoja kipana, na zote tatu hushikwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya toka juu hadi chini. Wanachama hukutana Jumanne ya pili ya kila mwezi kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Chai na keki huwekwa meza ya mbali. Hakuna anayebeba kikombe kusogea kwenye vitambaa, hata mwenyekiti.

Mwaka nilioingia, chama kilikuwa kimeombwa kupamba nyumba ya zamani kwa ajili ya Krismasi. Ni nyumba ya mfanyabiashara wa meli, ya mwanzoni mwa miaka ya 1800, na siku hizi ni makumbusho. Sharti lilikuwa moja: kila pambo lishonwe na sisi wenyewe, lisiwepo hata moja la dukani. Tulikuwa na miezi mitatu.

Nilidhani kupamba nyumba ni kupamba tu. Kwetu Desemba ikifika tunapuliza maputo, tunavuta karatasi za rangi toka kona hadi kona kwa gundi na vimisumari, tunasimamisha tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga. Nje mikrismasi imeshachanua, njia nzima nyekundu bila kuombwa na mtu. Sasa mhifadhi wa nyumba ile alitupitisha chumba kwa chumba akitueleza visivyowezekana. Msumari, pini na gundi haviruhusiwi kwenye ukuta wala kwenye ubao wowote. Tawi bichi haliingii, kwa sababu utomvu hudondoka na wadudu huja nalo. Matunda na bisi haviingii, kwa sababu ya panya. Mshumaa hata usitajwe. Kitu chochote cha sufu lazima kwanza kikae kwenye friza kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki, ili mayai ya nondo yafe, maana zulia la sebuleni lilishaliwa mara moja na halina mwenzake. Niliandika yote kwenye daftari. Nilichokipenda ni kwamba kila katazo lilikuja na sababu yake. Nimewahi kufanya kazi kwa watu wanaokataza bila kueleza, na mtu anayeelewa sababu hulinda kitu hata asipotazamwa.

Kisha mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, akauliza swali lililotuchukua mikutano miwili. Aliyejenga nyumba hii angekuwa na mti wa Krismasi kweli?

Jibu ni hapana. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotawala Massachusetts, waliiona Krismasi kuwa jambo lisilo na msingi katika Biblia, na mwaka 1659 walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 yeyote atakayeiadhimisha. Sheria ilifutwa 1681, lakini tabia haikufutika kwa kalamu. Kwa vizazi vingi tarehe 25 Desemba watu wa huku walifungua maduka na kwenda kazini kama siku nyingine. Jimbo liliifanya sikukuu rasmi 1856, na serikali ya nchi nzima 1870. Mti wenyewe ulienea Marekani baada ya picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti kutokea London mwaka 1848, kisha kuchapishwa upya na jarida la wanawake la Philadelphia mwaka 1850. Mimi niliyekua nikidhani mti wa Krismasi ni wa Mmarekani tangu enzi na enzi, nilikaa kimya nikisikiliza.

Tukaafikiana kwamba nyumba ipambwe kama ilivyokuwa miaka ya 1880, wakati wajukuu wa yule mfanyabiashara walipokuwa bado wanaishi humo. Naona tuliamua vyema. Tungeweza kuuweka mti bila kujali mwaka na wageni wangefurahi vilevile, lakini tungekuwa tumewadanganya ndani ya nyumba ambayo kazi yake ni kusema kweli.

Sasa machungwa. Pambo moja la kale la huku ni chungwa lililochomekwa karafuu hadi likajaa, likafungwa utepe na kutundikwa. Hunukia wiki kadhaa. Tunda limekatazwa, kwa hiyo nikasema tuyashone. Chungwa moja lina vipande sita, kila kimoja umbo la jani, ncha mbili na tumbo pana katikati. Unaviunganisha kwa mshono ulio robo inchi kutoka ukingoni. Ukizidisha uzi mmoja tu kila upande, mara sita huo mzidio unakupa limau badala ya chungwa. Nililijua hilo baada ya malimau matatu. Unaacha tundu, unajaza pamba kwa kijiti mpaka iwe ngumu kiganjani, unafunga kwa mshono usioonekana.

Karafuu ndizo zilizonikalisha macho. Mwanzoni nilidarizi fundo tu: unazungusha uzi wa kahawia mara tatu kwenye sindano, unaushika kwa kidole gumba, unachoma karibu na ulipotokea, unavuta polepole. Lakini fundo peke yake lilikuwa doa. Nikaenda jikoni, nikatoa karafuu moja kwenye kopo, nikaitazama chini ya taa kama sijawahi kuiona. Babu yangu alikuwa akivuka kwenda Pemba msimu wa kuchuma karafuu, na akirudi, vifuko alivyokuja navyo vilinukisha sanduku la nguo hadi msimu mwingine. Nimezila karafuu maisha yangu yote ndani ya pilau na chai, na sikuwahi kuona kwamba kile kichwa cha duara kimeshikwa na meno manne, kama jiwe kwenye pete. Nikaongeza mishono minne mifupi kuzunguka kila fundo. Hapo ikawa karafuu.

Wenzangu waliposhika chungwa la kwanza walilipitisha mkono kwa mkono kuizunguka meza yote. Tulishona 48. Kila moja lilimchukua mtu jioni mbili.

Aliyenifundisha kushona kwilti yenyewe alikuwa bibi wa miaka 86 ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Mimi nilikuwa nasukuma sindano kwa kidole kitupu, nikijivunia sugu yangu. Akavua kastabani yake ya fedha, akanivisha kidole cha kati, akaushika mkono wangu kwa wake na kuuyumbisha, ili sindano ipande na kushuka mara nne kabla ya kuvuta uzi. Hakusema neno. Alipoona nimepata mwendo akaniachia, akarudi kwenye kazi yake. Nilitaka kumwambia shikamoo. Lugha yao haina neno hilo, kwa hiyo niliinamisha kichwa, na nadhani alinielewa.

Nilipewa pia kitambaa cha kuzungushia shina la mti: duara la amerikani lenye upana wa inchi 60, na juu yake maua mekundu na majani ya kijani yaliyokatwa na kushonewa. Mtindo huo wa nyekundu na kijani juu ya nyeupe ulipendwa sana na washonaji wa Marekani katikati ya karne ya 19. Nikamwomba mhifadhi ruhusa maua yangu yawe ya mkrismasi wa kwetu. Akauliza ua hilo likoje. Nikamchorea: petali nne zilizotanda, na ya tano imesimama, kubwa kidogo, yenye michirizi myeupe na ya njano kati ya nyekundu. Akasema wanawake wa zamani walishona maua waliyoyajua, basi shona unalolijua.

Nilishona wiki tatu, nikitoka zamuni asubuhi na kukaa dirishani mpaka macho yakatae. Nilipomaliza, nilichukua kitambaa kibichi nifute alama za chaki. Wekundu ukatoka. Ukatembea ndani ya amerikani mbele ya macho yangu, waridi, ukiyazunguka maua mawili, kisha matatu.

Nilikaa sakafuni. Sikulia kwa sababu ya kitambaa. Nililia kwa sababu nilijua. Bibi yangu hakuwahi kukata nguo yoyote kabla ya kuilowesha, hata siku ambazo mteja alikuwa amesimama mlangoni. Nimeona ndoo ile ya maji mara mia. Mimi nilinunua kitambaa chekundu cha bei nafuu na nikakikata siku ileile kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nilimpigia yule bibi wa kastabani. Akaniambia mambo mawili: usikipige pasi, na usikiache kikauke, maana joto la pasi huipigilia rangi. Mwanawe alimleta nyumbani kwangu usiku uleule. Tulijaza beseni la kuogea maji mengi ya moto, tukatia sabuni ya vyombo, tukazamisha duara lote, na yeye akakaa kwenye kiti akitazama rangi ya maji. Tulibadilisha maji mara sita. Ya sita yalitoka meupe. Palibaki vivuli viwili vya waridi, na juu ya kila kimoja nilishona jani ambalo halikuwa kwenye mchoro.

Katikati ya kungoja aliniambia kwamba wanawake wa karne ile walikuwa tayari kulipa zaidi kupata nyekundu ya Kituruki, iliyotiwa kwa mizizi ya mmea fulani na mafuta, hatua baada ya hatua, kwa sababu ilikuwa haichuji. Siku hizi kabla sijakata kitambaa chochote chenye rangi, nakilowesha kipande, nakibana juu ya kitambaa cheupe, nakiacha hadi asubuhi. Kanga za kwetu nazo nazifanyia hivyohivyo.

Mwezi Novemba yule mwalimu mstaafu alinijia na karatasi alizonakili maktaba. Alikuwa amelibeba neno langu la siku ile, akaenda kulitafuta. Meli za Salem zilianza kufika Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said waliwekeana mkataba wa biashara, na 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja. Meli zao zilipeleka kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Kitambaa kilikuwa kizito na cha kudumu, watu wakakipenda na kukiita kwa jina la waliokileta. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikibeba kama fedha, pamoja na kaniki nyeusi na kitambaa chekundu kilichoitwa bendera. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861 pamba ikakatika, Waingereza na Wahindi wakaingia na vitambaa vyao, lakini jina likabaki. Ndilo hilo lililofika barazani kwa bibi yangu.

Nilizisoma karatasi hizo mara mbili ukumbini, wenzangu wakifungasha. Pembe zilizokwenda Connecticut zilikatwa kuwa vibonyezo vya piano. Sebuleni kwenye nyumba tuliyokuwa tukiipamba pana piano ya zamani, vibonyezo vyake vimegeuka njano, na sikuweza tena kuitazama kama nilivyoitazama Septemba. Na pamba ya viwanda vile ilichumwa mashamba ya Kusini mwa Marekani na Waafrika waliokuwa watumwa. Ikafumwa huku, ikavuka bahari, na baadhi ya misafara iliyonunua kwa kitambaa hicho ilirudi pwani na watu wamefungwa shingo. Bibi yangu alidarizi "Lala Salama" juu ya kitambaa chenye jina hilo. Sisi tulikuwa tukishonea machungwa.

Ikaja zamu ya kuandika kadi ya kusimama karibu na mti. Rasimu ilikuwa sentensi moja: mapambo yameshonwa kwa muslini, ndivyo wao wanavyoiita amerikani, na wanachama wa chama. Nikaomba tuongeze kitambaa hicho ni nini na kilikwenda wapi. Wachache hawakupenda. Walisema kwa upole kwamba ni Krismasi, watoto watakuja, huzuni isiwekwe chini ya mti. Sikuwaona wabaya. Niliwaeleza kwamba kwetu kanisani Krismasi tunasoma habari za mtoto aliyelazwa horini na wazazi wake wakakimbia naye usiku, na hakuna anayeona kwamba habari hiyo inaharibu sikukuu.

Nikawakumbusha pia Harriet Powers, ambaye wao ndio walionifundisha habari zake. Alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Mwaka 1891, shida ilipombana, aliuza kwilti yake ya hadithi za Biblia kwa dola 5 ingawa alitaka 10, na alipoikabidhi alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, moja baada ya nyingine, naye akaandika. Kwilti hiyo sasa iko Smithsonian, makumbusho ya taifa, na nyingine yake iko Museum of Fine Arts, makumbusho ya sanaa hapa Boston. Asingeeleza, leo tungekuwa na picha nzuri tusizozielewa.

Yule bibi wa miaka 86 alikuwa bado anashona. Akasema, bila kuinua macho, kwamba kwilti isiyo na lebo nyuma ni kwilti iliyopoteza mama yake, na kwamba ameokota nyingi za namna hiyo kwenye minada. Mjadala ukaishia hapo. Kadi ilikuwa na sentensi nne: nani ameshona, kwa kitambaa gani, nani walichuma pamba yake wakati nyumba hii ikitajirika kwa meli, na kwamba Afrika Mashariki kitambaa hiki hadi leo kinaitwa amerikani. Neno hilo liliandikwa kwa herufi zilezile kama mengine, bila maelezo ya namna ya kulitamka.

Kupamba kulichukua siku moja. Tulivaa glavu. Mti ulikuwa wa bandia, kila pambo likaning'inizwa kwa utepe wa pamba, duara langu likatandazwa chini na yale majani mawili ya ziada nikayageuzia ukutani, kisha mhifadhi akapita akayageuza yawe mbele. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kama mgeni, nikasimama kando. Mtoto wa kama miaka sita alisogeza pua kwenye chungwa akalinusa kwa nguvu, akamwambia baba yake halinuki. Baba akaanza kumsomea kadi.

Januari tulivua yote, tukayafunga kwenye karatasi isiyo na asidi, tukayapa namba, tukayaweka kwenye makasha. Nyuma ya duara nimeshona lebo: jina langu, mwaka, mji, na chini yake "kwa mkono wa bibi, Tanga."

Kwenye jora palibaki yadi kama tatu. Mwenyekiti akanipa. Lebo ya jora ilisema kitambaa kimefumwa Pakistani. Viwanda vya Massachusetts vilishanyamaza zamani, vingi ni nyumba za kupangisha. Nilikata yadi mbili, nikampa kijana wa Tanga aliyekuwa anarudi likizo.

Alipokipokea, mama alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeipata. Ndiyo yenyewe, ila ya bibi yako ilikuwa nzito zaidi."

Nikamwuliza ataishonea nini.

"Ngoja kwanza, nimeiloweka. Tutaongea kesho."